Gereji ya Kizota isiyo na kibao: Carina yangu imepata sailensi

Wenye Toyota za zamani hapa Dodoma, hii inawahusu. Kuna gereji Kizota, upande wa barabara ya Singida, haina kibao wala ukuta. Ukiona mwarobaini mkubwa na chini yake magari ambayo vijana wa siku hizi hawayajui, umefika. Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo niliyoinyima nitaieleza.

Langu ni Carina Ti ya 1997, injini 5A-FE, gia otomatiki. Ugonjwa wake ulikuwa sailensi, yaani mzunguko wa injini ikiwa inawaka bila kukanyagiwa mafuta. Asubuhi likiwaka, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda, unaanguka, unapanda tena, wakati mguu wangu hata haujagusa mafuta. Likishapata moto linashuka mpaka karibu 500, na injini hii inatakiwa ikae kwenye 700 na kitu. Ukiwasha AC ukiwa kwenye foleni ya kwenda Mtumba, funguo zinagonga dashibodi kwa mtetemo, na mara nyingine linazima kabisa huku walio nyuma wakikupigia honi.

Gereji ya kwanza, huku mjini, sitaitaja. Walichomeka kile kidude cha kupimia kwa simu, hakikuelewana na gari, wakaamua plagi. Plagi nikabadilisha. Tatizo likabaki. Wakasema nozeli, zile zinazonyunyizia injini petroli. Baada ya nozeli wakaanza kuzungumzia kontroli boksi (kompyuta ya gari) ya mtumba, na bei yake ndiyo iliyonifanya nichukue funguo zangu.

Fundi wa Kizota hakufungua boneti kwanza. Aliuliza. Linatetemeka zaidi likiwa baridi au likiwa la moto? Kwenye N (gia huru) ni sawa na kwenye D (gia ya kwenda mbele)? Maji ya rejeta unaongeza mara kwa mara? Nikamwuliza maji yanahusiana vipi na kutetemeka. Akasema, "Mama, kwenye hizi Toyota maji ya injini yanapita mpaka kwenye vavu ya sailensi. Yakipungua au yakiingia hewa, vavu inadanganyika, inadhani injini bado baridi." Hilo hakuna aliyewahi kuniambia, na gari nimekuwa nalo tangu mtoto wangu wa kwanza hajaanza shule.

Kisha akafungua kile kiboksi kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS karibu na injini, akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kupiga stata. Taa ya injini ikaanza kukonyeza, mfululizo, bila kusita. Maana yake kompyuta haijaandika kosa lolote. Kipande cha waya tu, bure.

Akawasha injini, akachukua koleo yenye mipini ya mpira, akaanza kuchomoa nyaya za plagi, moja baada ya nyingine. Kila akichomoa, injini inalegea kwa kiasi kilekile. Kama silinda moja ingekuwa imekufa, ukichomoa waya wake injini isingejali. Kwa hiyo plagi, nyaya na nozeli hazikuwa na kesi. Silinda zote nne zinaumwa pamoja, na kinachougusa mji mzima ni hewa.

Hapo ndipo aliponikosha. Alichukua kipande cha mpira mrefu kama mita moja, ncha moja akaiweka sikioni, nyingine akaitembeza polepole kuzunguka inteki manifoldi, mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda. Alipofika kwenye mpira unaotoka kava ya vavu (kifuniko cha juu ya injini) kuingia manifoldi, akaniita nisikilize. Ssssss. Mpira ule ukiuangalia kwa juu ni mzima. Akauchomoa, akaukunja, na upande wa chini, pale klipu inapobana, ukafunguka mpasuko wa urefu wa kucha. Mpira umekauka kwa joto mpaka unalia ukiukunja.

Aliponituma dukani alinisisitiza ninunue mpira wa kustahimili oili na petroli, nisikubali wa maji hata wakisema upana ni uleule. Mvuke wa oili ungeula huo wa maji, na ugonjwa ungerudi. Wakati nafuata mpira, yeye alishusha throto (mlango wa hewa wa injini) na vavu ya sailensi. Ndani kulikuwa na masizi meusi ya kubandika, vavu haizunguki vizuri. Akasafisha kwa kabureta klina na mswaki, akaweka gasketi mpya, akajaza kulanti (maji maalumu ya rejeta) na kutoa hewa kwenye mfumo kabla ya kufunga.

Mpira, gasketi na kulanti havikunifikia bei ya zile plagi. Ufundi alitaka elfu thelathini. Sikuomba apunguze.

Kwenye N sasa mshale umesimama, hata AC ikiwaka. Kwenye D bado kuna mtetemo kidogo. Alinionyesha kwa nini: handbreki juu, mguu kwenye breki, D, halafu R (rivasi), na injini inainuka upande mmoja. Mauntingi, mpira unaoshikilia injini, imechoka. Angeweza kuniuzia palepale. Alisema inaweza kusubiri mwisho wa mwezi.

Sasa nyota iliyokatwa. Risiti hakuna, na mimi ni mtu wa risiti. Choo ni cha jirani. Vumbi la Dodoma mnalijua, na throto inafunguliwa hapohapo nje. Aliziba tundu kwa kitambaa safi, lakini upepo wa saa sita ukipiga unaona nafsi inakutoka. Simu hapokei akiwa chini ya gari, yaani hapokei. Na magari mapya hagusi, anakuelekeza kwingine bila kuona haya.

Jumapili hafungui. Nenda asubuhi, na kama unatokea karibu kama Nkuhungu, mwombe aje kwako alisikilize kabla hujaliwasha siku hiyo. Akikuta boneti ina moto atakuambia uliache lilale pale, maana anataka kulisikia linapoamka.