Bibi alirudi na sura ya mtu mwingine: uzoefu wangu wa kutengenezesha picha za zamani

Nilikuwa na picha moja ya bibi na babu, nyeusi na nyeupe, na barua moja ya babu ambayo wino wake ulikuwa umefifia hadi kufanana na chai. Picha ilikuwa imeingia maji, ikagandamana na kioo cha fremu, na upande wa kulia ilichanika zamani, kabla hata sijazaliwa.

Nilianza na programu ya bure ya simu. Nikapiga picha, nikabonyeza, na kabla sijameza mate bibi alikuwa na rangi, meno yamenyooka, ngozi laini kama ya mtoto. Nikafurahi sana. Nikamwonyesha mama. Akaitazama kwa muda, akauliza, "Mwanangu, huyu ni nani?"

Hapo ndipo nikaangalia vizuri. Bibi alikuwa na kovu juu ya nyusi. Programu ililidhania kuwa mkwaruzo wa karatasi, ikalifuta. Macho hayakuwa yake. Programu hizi zimefunzwa kwa nyuso nyingi sana za watu wengine, kwa hiyo pale picha ilipofifia hazirudishi kilichopotea. Zinaweka kinachoelekea kufaa. Na ngozi ilikuwa imepaushwa bila mtu kuiomba, jambo lililoniudhi kuliko yote.

Nikaamua kulipia fundi anayefanya kazi hii kwa mkono kwenye kompyuta. Kitu cha kwanza alichoniambia ni nisiibandue picha kwenye kioo. Uso wa picha za aina hii ni tabaka la jelatini, likilowa hunata, na ukivuta unaweza kubaki na karatasi tupu huku sura imebaki kwenye kioo. Mimi nilikuwa tayari nimeshika kisu! Tukaiskani hivyo hivyo na kioo chake, nukta 600 kwa inchi.

Kuhusu rangi, alinihoji kama polisi. Ngozi ya bibi ilifanana na ya nani katika watoto wake? Gauni lilikuwa la rangi gani? Programu ilikuwa imelipaka bluu iliyokolea. Mama alikumbuka ni jekundu. Fundi hakushangaa: filamu nyeusi na nyeupe haihifadhi rangi, inahifadhi mwanga na kivuli tu, na baadhi ya filamu za zamani hazikuwa zinahisi wekundu kabisa, hivyo kitambaa chekundu kilitoka karibu cheusi. Anayetia rangi bila kuuliza anabahatisha. Hata letu sasa ni jekundu la kumbukumbu ya mama, na sina njia ya kulihakiki.

Barua ndiyo iliyonifungua macho zaidi. Programu ileile ya simu ilikuwa "imenoa" maandishi, na tarakimu 3 iliyofifia ikageuka 8 safi kabisa. Kwenye picha ya uso kosa kama hilo linauma. Kwenye tarehe ya hati ni balaa. Fundi hakuchora herufi hata moja. Alitenganisha mikondo ya rangi ya ile skani, yaani nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha ya kompyuta, akatumia wa bluu, ambamo wino wa kahawia huonekana mweusi zaidi, kisha akaongeza utofauti wa giza na mwanga. Maneno mawili bado hayasomeki, na ameyaacha hivyo.

Malalamiko ninayo. Kazi ilichelewa mno. Rasimu ya kwanza alilainisha mashavu ya babu, ikabidi nimrudishie. Halafu alinitumia JPEG peke yake, aina ya faili la picha linalobanwa na kupoteza ubora kidogo kila unapolihifadhi upya. Ile TIFF, aina nyingine ya faili ambayo kwa kawaida haipotezi chochote kila unapoihifadhi upya, nilimwomba mara mbili. Ukiagiza, idai tangu mwanzo, na udai pia ile skani ghafi isiyoguswa. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile programu ya simu sasa naitumia tu kufuta mikwaruzo kwenye mandhari, mbali na nyuso.

Kwenye ule upande uliochanika kuna mkono umeshika bega la babu, mwenyewe hayupo. Fundi aliuliza aufute, picha ikae sawa. Nikamwambia auache. Mama anasema ni mkono wa shangazi yake, na kile kipande kingine bado tunakitafuta.