Mkopo wa simu au wa chama?

M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwenye M-Pesa, ilipoanza Kenya 2012 ilileta kitu kipya kabisa, hakuna dhamana wala mdhamini, kompyuta inaangalia tu vile unatumia M-Pesa na kredi ya simu halafu limiti, yaani kiasi unachoweza kukopa, inatokea saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane mtoto akiugua, na hiyo si kitu kidogo jamani. Ada ilianza na 7.5% kwa siku 30. Chama sasa, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, mpaka mkutano ufike, ujieleze mbele ya watu, lakini hao wanajua mvua ilikosa na mahindi yakakauka, data ya simu inaona tu pesa haziingii, haijui kwa nini. Na mkulima anayeuza kwa keshi haonekani kabisa! Ndogo ya haraka chukua kwa simu, karo au mbegu peleka chamani.