Akiolojia 01%: nina ugomvi na kitabu hiki

Wadau, karibuni tena. Maikrofoni mpya imefika, kwa hiyo yule jogoo wa jirani sasa mnamsikia vizuri kuliko mimi. Tuvumiliane.

Leo ni Call of Cthulhu, toleo la 7, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwenye hadithi za kutisha. Mambo ya dadu na wahusika kurukwa na akili nilishayaeleza, video ipo. Leo nina shida na mstari mmoja tu. Ngoja nisogeze kamera... hapo. Akiolojia: 01%. Huo ndio ujuzi anaoanza nao mhusika, na unafaulu dadu zikitoa namba hiyo au chini yake. Moja! Kuona kilichofichwa, kila mtu anaanza na 25. Kupekua maktaba, 20. Ndiyo maana wachezaji wanairuka, wanarundika pointi kwenye bastola. Wanajikosesha uhondo.

Tazameni. Majuzi niliwachezesha washikaji, nikauweka mchezo Gede, kule karibu na Watamu, mwaka 1925. Kwenye yale magofu ya matumbawe kuna kaburi lililoandikwa mwaka: 802 Hijria, yaani 1399. Kaburi ni la kweli, mazimwi ni yangu. Mshikaji mmoja, mhusika wake ana Akiolojia 60. Akarusha, mbili zile zenye pande kumi, ikaja hivi: ishirini, na nane. 28. Nusu ya 60 ni 30, kwa hiyo kafaulu kwa kiwango kigumu. Yeye anasubiri dhahabu. Nikamwambia: lipu ya chokaa nzima, haina hata ufa. Umechimba pembeni, ukapenya hadi chini yake. Kuna kizibo cha soda.

Kimya.

Kizibo cha namna hiyo, mwaka ule wa 1925, hakina hata miaka arobaini tangu kibuniwe. Juu hakijapitishwa, lipu nzima. Pembeni udongo haujawahi kuguswa, ndiye anaugusa yeye leo. Mwenyewe akasema, polepole: "Basi kimetokea chini." Sikumwonyesha zimwi hata moja, na bado aliomba taa iwashwe!

Ukikosa je? Unaruhusiwa kushupalia: eleza unaongeza juhudi gani, rusha tena, ukikosa mara ya pili mwendesha mchezo anakufanyia anavyotaka. Kwa mwanaakiolojia juhudi hiyo ni nini? Kuchimba zaidi. Jamani!

Trail of Cthulhu, mchezo mwingine wa namna hii, wao wameondoa bahati: una ujuzi, uko mahali penyewe, dokezo la msingi unapewa. Ni nzuri, hadithi haikwami. Ila lile jasho kabla dadu haijatulia, hamna. Na nikifikiria, labda hiyo 01% ni haki. Mimi mwenyewe ningekiona kile kizibo ningekitupa.

Bei? Usafirishaji tu ulikaribia bei ya kitabu, nikanuna wiki nzima. Anza na kanuni fupi za PDF, Chaosium, wachapishaji wake, wanazitoa bure.

Mnaniuliza kaburi walilifungua? Jumapili, saa tatu usiku, mubashara. Alirusha kusoma maandishi, akakosa, na sasa anataka kushupalia.