Saintpaulia au Streptocarpus: ua la Usambara liandikwe vipi?

Swali hili hurudi kila wapenda maua wanapokutana: lile ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara, lebo yake iandikwe jina gani?

Tuanze na nasaba, maana hapo ndipo penye uzito. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Hermann Wendland, aliliundia jenasi yake (yaani kundi la spishi za karibu), Saintpaulia, mwaka 1893, akampa heshima baroni Walter von Saint Paul-Illaire, aliyelipata huku kwetu. Kwa macho hakukosea: Streptocarpus, jina la jenasi nyingine, maana yake ni tunda lililosokotwa, na tunda la ua hili halijasokotwa. Lakini uchunguzi wa DNA wa mwaka 1997 ulionyesha kuwa limechipuka ndani ya ukoo wa Streptocarpus. Mwaka 2015 wataalamu wakaliingiza humo, na Saintpaulia ikabaki jina la seksheni, yaani kikundi kidogo ndani ya jenasi hiyo. Kwenye ukweli wa ukoo, jina jipya linashinda waziwazi.

Kwenye mawasiliano mambo yanageuka. Wauza miche na wakuzaji wa maua bado husema Saintpaulia, na mnunuzi akitajiwa Streptocarpus huletewa mmea mwingine kabisa.

Kumbukumbu za hifadhi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Misitu inapungua, na anayetafuta kwa jina moja tu atakosa nusu ya taarifa.

Ukiandika ripoti ya kisayansi, tumia Streptocarpus ionanthus. Ukiuza miche, Saintpaulia inakutosha. Ukitunza bustani ya mimea au sampuli zilizokaushwa, andika yote mawili.