Uzoefu wangu na begi la maji la lita tatu katika milima ya Oman wakati wa kiangazi

Begi hili nililinunua kwa ajili ya jambo moja tu: kuendelea kupanda milima ya Oman kati ya Juni na Agosti, miezi ambayo jamaa zangu wengi wa hapa Maskati ama wamekwishakimbilia Unguja kupunga upepo, ama wamejifungia majumbani na viyoyozi vyao. Baada ya kulitumia kwa misimu kadhaa, pwani na milimani, naona kwamba ni begi zuri sana kwa Jabal Shams na Jabal Akhdar, milima mirefu ya bara, lakini katika njia za chini zilizo karibu na bahari halimsaidii mtu kwa kiasi anachodhani. Ushonaji wake hauna lawama katika hilo. Linalotofautiana ni namna joto la kila mahali linavyofanya kazi mwilini, kwa hiyo tathmini hii itazungumzia hewa na majabali karibu sawa na inavyozungumzia zipu na mikanda.

Ni begi la mgongoni la ukubwa wa wastani, lenye mfuko laini wa plastiki wa lita tatu ndani yake, na nafasi inayobaki inatosha chakula, taa ya kichwani, vifaa vya huduma ya kwanza na fulana ya kubadilisha. Mfuko unakaa katika chumba chake upande wa mgongoni. Chini yake unatoka mrija unaopita juu ya bega hadi kifuani, na mwishoni mwa mrija kuna kinywa cha mpira ambacho ukikibana kwa meno kinatoa maji, na ukikiachia kinajifunga chenyewe. Maji peke yake yana uzito wa kilo tatu, uzito ambao mabega huuhisi mwanzoni na ambao hupungua kadiri mtu anavyokunywa. Mikanda ya kifuani na kiunoni inafungika barabara, na mtu mfupi kama mimi anaweza kuirekebisha bila ya begi kumning'inia.

Mdomo wa mfuko ni mpana, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalomshauri mnunuzi kulitazama, kwa sababu vipande vya barafu lazima vipite. Usiku wa kuamkia safari hutia maji chini ya nusu, nikautoa mrija, nikaulaza mfuko ndani ya friza. Alfajiri huongeza maji baridi hadi ujae, nikauzungushia taulo jembamba kabla ya kuutumbukiza katika chumba chake. Kwa namna hii maji ya ndani hubaki baridi kwa sehemu kubwa ya asubuhi. Mrija ndio wenye udhaifu. Umelala kifuani ukipigwa na jua, na maji yaliyotulia humo hupata joto upesi, kiasi kwamba anayekaa dakika kumi bila kunywa atakuta funda la kwanza ni la moto kama chai. Dawa yake ni kupuliza kila unapomaliza kunywa, ili maji yaliyobaki mrijani yarudi mfukoni. Kifuniko cha kitambaa kizito cha kuukinga mrija kinauzwa peke yake. Ninacho, nacho kinachelewesha tu joto hilo, hakilizuii.

Njia ninayoipita mara nyingi zaidi ni ile ya kale inayoanzia karibu na bustani ya Riyam na kuteremkia nyuma ya nyumba za Mutrah, mtaa wa kale wa Maskati, ambayo wapandaji huijua kwa alama C38. Haifiki hata kilomita tatu. Huanza kwa ngazi za mawe zenye mwinuko mkali, kisha huingia wadini, yaani bonde la mto mkavu, na katika majira ya baridi watu huipita na watoto wao wakicheka. Kiangazi ni habari nyingine. Majabali yake ni ya kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, miamba iliyozaliwa chini ya sakafu ya bahari na kusukumwa juu ya nchi kavu, nayo hunywa jua kutwa nzima na kulitapika usiku kucha, hata anayetoka msikitini baada ya sala ya alfajiri na kuanza kupanda kabla ya jua kuchomoza hukuta jiwe lingali na vuguvugu chini ya kiganja. Usiku wa pwani hii si wa kutegemewa: tarehe 26 Juni 2018 kule Qurayyat, mji wa pwani ulio kusini-mashariki mwa Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima.

Kisha kuna unyevu wa bahari, na hapo ndipo begi linaposhindwa. Ngozi ya binadamu ina joto la takriban nyuzi 35. Hewa ikizidi kiwango hicho, mwili hauna tena pa kutolea joto lake isipokuwa kwa njia moja, yaani jasho likauke juu ya ngozi na kuondoka na joto. Katika hewa iliyokwishajaa unyevu jasho halikauki. Linatiririka shingoni, linaingia machoni, linaloanisha suruali hadi magotini, na lote hilo ni maji yaliyopotea bila ya kumpoza mtu chochote. Begi nalo limeuziba mgongo, sehemu pana ambayo ingekuwa ya kwanza kupata upepo. Mtengenezaji ameweka wavu wa kupitisha hewa kati ya begi na mgongo, na nyakati za baridi unafanya kazi yake. Mwezi wa Julai hapa Mutrah sikuona faida yake. Nafuu moja ilikuwepo, nami nitaitaja kwa haki: ule ubaridi wa barafu dhidi ya uti wa mgongo katika nusu saa ya mwanzo ni raha ambayo chupa ya mkononi haiwezi kuitoa. Barafu ikishayeyuka, mtu anabaki na lita mbili za maji mgongoni na mwili unaoendelea kupata joto, na wingi wa maji yale humshawishi aendelee mbele wakati miguu imekwishaanza kuwa mizito. Kwa hiyo katika njia hii, kuanzia Juni hadi Septemba, naliacha begi nyumbani; nabeba chupa moja, kitambaa cha kulowanisha shingoni, na nahakikisha nimeteremka kabla jua halijapata nguvu.

Jabal Shams begi hilo hilo linakuwa kitu kingine. Ukitoka Nizwa kupitia Al Hamra na kupanda barabara inayopita Ghul, unafika kijiji cha Al Khitaym, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako tofauti ya joto na mji uliouacha chini mara nyingi huzidi nyuzi 10. Hapo huanza njia iliyotiwa alama ya W6, ambayo hufuata ukingo wa bonde kuu lenye kina cha takriban kilomita moja, hadi magofu ya kijiji cha As Sab kilichohamwa na wenyewe, chenye nyumba zilizojengwa chini ya mwamba na makonde ya ngazi yaliyobaki bila ya mkulima. Alama zake, mistari ya manjano, nyeupe na nyekundu iliyopakwa juu ya mawe, zinaonekana vizuri. Kushoto ni ukuta wa mwamba, kulia ni utupu, na katika sehemu nyembamba njia haitoshi watu wawili kupishana kwa starehe.

Hewa ya huko ni kavu, na ukavu huo ndio unaolifanya begi listahili bei yake. Jasho hukauka kabla hujaliona. Fulana ni kavu, paji la uso ni kavu, na mtu huamini kwamba hapotezi maji, mpaka atakapovua kofia na kukuta mistari myeupe ya chumvi imejichora kwenye utepe wake. Katika hali kama hiyo kiu huja kwa kuchelewa. Chupa iliyofungwa ndani ya begi itasubiri hadi utakaposimama, uteremshe begi na ufungue zipu, na katika ukingo ule mtu hupendelea asisimame. Mrija ulio hapa kidevuni hunyweka huku mikono ikiwa huru kushika mwamba. Miongozo ya wanaofanya kazi kwenye joto hutaja kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20, na kwa begi hili kiwango hicho hufikiwa bila ya kujilazimisha.

Kasoro yake kubwa hujitokeza hapo hapo. Mfuko umefichika mgongoni, nawe huoni kiasi kilichobaki. Unafyonza, maji yanakuja. Unafyonza tena, yanakuja. Halafu ghafla hewa tupu. Katika njia ya As Sab jambo hili lina hatari ya pekee, kwa kuwa kwenda kunashuka kidogo kidogo asubuhi bado na mapema, ilhali kurudi kunapanda jua likiwa limeshapanda nalo, na nusu ya pili ya safari hula maji mengi kuliko ya kwanza. Kivuli ni kile cha mwamba tu, na asubuhi inapokwenda kinazidi kuwa chembamba. Nilichoamua ni kubeba, pamoja na mfuko, chupa ya lita moja ambayo haiguswi kabla ya kuanza kurudi. Watengenezaji wangeweza kuliondoa tatizo hili kwa dirisha dogo la plastiki ubavuni mwa begi, na sielewi kwa nini hawafanyi hivyo.

Chupa hiyo ya pili ina kazi nyingine pia, nayo ni kubeba chumvi. Anayekunywa maji matupu kwa wingi kwa saa nyingi huku akitoka jasho anaweza kupunguza chumvi ya sodiamu katika damu yake hadi kufikia kuumwa kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, dalili ambazo mwenzake huzidhania kuwa ni za kiu na kumhimiza anywe zaidi. Urahisi wa mrija unaiongeza hatari hii badala ya kuipunguza. Mimi huchanganya pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya dukani, katika chupa, na katika begi natia maji peke yake, kwa sababu sukari ikishaingia mrijani hailegei tena na ukungu hautachukua siku nyingi. Tende na laban, yaani mtindi wa kunywa, yenye chumvi kidogo, ambavyo kila duka la njiani linavyo, hufanya kazi nzuri zaidi kuliko vinywaji vya rangi vinavyouzwa kwa jina la michezo.

Nina maneno machache kwa wageni wanaotufuata kutoka nyumbani. Wengi huja mwezi wa Julai, wakitoka Dar es Salaam au Unguja katika kipupwe, na husema kwamba joto wamezaliwa nalo. Mwili huhitaji kati ya siku 7 na 14 kuzoea joto jipya, na joto la Oman ni jipya hata kwa mtu wa Tanga. Begi la maji halifupishi muda huo. Serikali yenyewe inapiga marufuku kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ili kuwalinda wafanyakazi waliokwishazoea. Sioni sababu ya anayetembea kwa hiari yake kujiona hahusiki na saa hizo. Mwenzako akianza kuropoka au kupepesuka, usihangaike kumtia mrija mdomoni: mpeleke kivulini, mmwagie maji yote yaliyomo begini kichwani na mwilini, mpepee, na mwengine apige 9999. Kuna vipande vya njia ambavyo simu haishiki, na kwa hiyo kiangazi siendi peke yangu.

Kuhusu uimara, begi lenyewe halijanisumbua: mishono imeshikilia, zipu hazijakwama licha ya vumbi, na rangi imefifia tu. Kinywa cha mrija ndicho kilichoharibika. Kilianza kuvujisha tone moja moja, na katika nchi hii mvujo hauonekani kwa kuwa tone hukauka juu ya fulana kabla halijaacha doa. Nilichokiona ni mfuko mwepesi kuliko ilivyopaswa. Duka nililolinunulia liliniambia kwamba dhamana haihusu sehemu za mpira, jibu ambalo halikunifurahisha, ingawa kinywa kipya kilinigharimu rial moja na nusu tu. Sasa kimoja cha akiba kimo daima katika mfuko mdogo wa mbele.

Usafi unataka uvumilivu. Plastiki mpya ina ladha, na njia iliyonifaa ni kuulaza mfuko usiku kucha na maji ya uvuguvugu yaliyotiwa magadi ya kuokea, kisha kuusuuza mara kadhaa. Baada ya kila safari nautundika ukiwa wazi, mwiko wa mbao umeingizwa ndani ili kuta zisigusane, na mrija nausugua kwa brashi ndefu nyembamba. Kati ya safari na safari mfuko mkavu unakaa ndani ya friza, ambamo ukungu hauna nafasi, na mke wangu ameshazoea kuukuta kati ya samaki na mkate wa kumimina.

Nililipa rial 22 kwa begi pamoja na mfuko wake. Duka hilo hilo lilikuwa na la lita mbili kwa rial 19, na muuzaji alinisisitizia hilo kwa kuwa ni jepesi; kwa Oman ningemshauri kila mtu achukue la lita tatu, kwani hakuna kinachomlazimisha kulijaza lote mwezi wa Januari, na la lita mbili haliwezi kuongezeka mwezi wa Julai.