Mashine ya kukata nyasi ya kukalia, deki ya inchi 42: uzoefu wangu kwenye kampaundi ya Kampala

Mashine ninayoizungumzia ni ya umbo la trekta. Injini iko mbele, ya silinda moja, nguvu farasi 17.5. Deki, yaani lile bakuli la chuma linalofunika visu, iko katikati na ina visu viwili. Gia ni haidrostatiki, yaani inayosukuma magurudumu kwa nguvu ya oili: hakuna klachi, unakanyaga pedali tu inaenda. Inakata nyasi za paspalamu kwenye kampaundi ya karibu ekari moja, nusu tambarare, nusu inashuka. Nimeridhika nayo, ila waliokuwa wananiuzia walisifia mambo tofauti kabisa na yale yanayoifanya ifae.

Kwanza kiwanja. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama desimali 11 na nusu (desimali 100 ni ekari moja). Ukitoa nyumba, tangi la maji na pa kuegesha gari, nyasi zinazobaki ni za mashine ya kusukuma, tena ndogo. Ya kukalia inaanza kuwa na maana ukifikisha desimali 50 za nyasi zenyewe, si za kwenye hati. Inchi 42 ni sentimita 107. Ukitembea kilomita 5 kwa saa, ukahesabu na kugeuka na kupandanisha mistari, ekari moja inakatika kwa kama saa moja, na petroli inayokwenda ni lita 3 hadi 4. Pima pia njia ya kupita kati ya nyumba na ukuta. Mdomo wa pembeni wa kutolea nyasi unaongeza upana wa mashine. Ukikunjwa juu unapata nafasi, lakini usikate ukiwa umekunjwa, maana ndio unaozuia mawe yasiruke usawa wa miguu ya watu.

Mteremko ndio unaoamua kila kitu hapa kwetu. Vitabu vingi vya mashine hizi vinaweka mwisho nyuzi 15. Kupima si kazi. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, uweke sawa kwa pima maji, kisha pima kutoka ncha ya pili kwenda chini. Ikifika sentimita 27, hizo ni nyuzi 15. Zaidi ya hapo mashine ya kukalia haina kazi. Tumia ya kuvaa begani. Bustani nyingi za vilima vya Muyenga na Buziga zinavuka hapo, na dalali hatakwambia. Chini ya kiwango hicho, kata kwa kupanda na kushuka, usikate kwa kukingama, na geuza ukifika tambarare. Umande wa asubuhi kwenye paspalamu unateleza vibaya. Subiri ukauke.

Zile za kukalia zinazoongozwa kwa mikono miwili ya chuma (zero-turn), zinazogeuka palepale, nimezitumia vya kutosha kusema hivi: kwenye uwanja tambarare wenye miti mingi, kama bustani za Entebbe karibu na ziwa, hazina mpinzani. Unauzunguka mwembe bila kuacha mkia wa nyasi. Lakini magurudumu yake ya mbele yanafuata tu, hayaongozi. Usukani na breki vyote viko kwenye magurudumu ya nyuma. Yakiteleza kwenye majani mabichi, unapoteza vyote viwili kwa pamoja. Kwa kilima, sitaki.

Sasa gia. Haidrostatiki nyingi za mashine za nyumbani ni za kazi nyepesi: zimefungwa, hazina chujio la oili, na nyingine hazina hata nati ya kumwagia oili mpaka uishushe gia nzima. Oili ikichemka inakuwa nyepesi, nguvu ya kusukuma inapungua. Dalili yake ni moja na haifichiki: asubuhi inapanda vizuri, baada ya nusu saa inaanza kuzubaa katikati ya mteremko huku injini inanguruma kama kawaida. Juu ya gia kuna feni ndogo ya plastiki na mapezi ya kupoza, na hapo ndipo nyasi kavu zinapojazana. Nasafisha kwa brashi kila baada ya kukata. Kama kampaundi yako karibu yote ni mteremko, tafuta mashine yenye gia nzito zaidi, ile yenye chujio la kubadilisha, hata kama kwa hela hizohizo utaambulia deki ndogo. Zipo pia za gia za mkono. Ni rahisi, fundi yeyote anazielewa, lakini kila ukibadili gia lazima usimame, na kwenye bustani yenye vitanda vya maua hilo linachosha.

Nguvu ya farasi isikutishe wala isikudanganye. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, kwa hiyo 17.5 zangu ni kama 15 halisi. Kwa inchi 42 zinatosha, kisu kikiwa kikali. Ukiwa Kabale, karibu na mita 2,000, karibu robo imeondoka; hapo ongeza injini au punguza deki.

Kisu kikali nakisisitiza kwa sababu ya paspalamu. Majani yake hayana shida. Shida ni yale mashina marefu ya mbegu yenye kichwa cha herufi V, magumu kama waya. Kisu butu kinayalaza, mashine inapita, kesho yake yamesimama tena na bustani inaonekana haikuguswa. Visu vyenye mkia uliopinda juu sana vinavuta hewa na kuyasimamisha kabla ya kuyakata, na ndivyo ninavyotumia. Visu vya kusagia majani yarudi chini nilivitoa: kwenye majani ya kimo, hasa mabichi, vinaacha mabonge. Nakata kwa sentimita 5 hadi 6, na siondoi zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, hiyo ni kila wiki. Ukiruka wiki mbili, pandisha deki, kata mara ya kwanza juu, ushushe siku inayofuata.

Kunoa nafanya kila baada ya saa 25 za kazi. Chomoa waya wa plagi kwanza. Zuia kisu kwa kipande cha mbao kisizunguke, fungua boliti, noa kwa tupa ukifuata pembe ya kiwandani, kama nyuzi 30. Usikifanye wembe, kitamegeka kwenye jiwe la kwanza. Kisha kitundike katikati kwenye msumari uliopigiliwa ukutani. Ncha inayoshuka ndiyo nzito. Ipunguze hadi kisu kilale sawa. Kisu kisicho na mizani kinatikisa deki na kuua beringi za ekseli ya kisu. Beringi zenyewe si balaa: nyingi ni saizi za kawaida, kama 6203 na 6204 za kufunikwa pande zote mbili, na soko la vipuri la Kisekka hazikosi. Deki ikipasuka, mafundi wa Katwe wataichomea vizuri kuliko mpya. Lakini kisu kilichopasuka au kupinda hakichomewi wala hakinyooshwi. Kinatupwa. Na ukinunua kingine, nenda na cha zamani mkononi, kwa sababu tundu la katikati linaweza kuwa la duara au la nyota, na nyota zenyewe zina ncha tano, sita au saba.

Mkanda wa deki usiubadilishe na mkanda wa gari hata kama urefu ni uleule. Huu unateleza kwenye puli kila unapowasha visu, na unakandamizwa kwa mgongo pia, ndiyo maana una nyuzi ngumu ndani. Wa gari unanuka moshi mapema. Andika namba ya mkanda pembeni ukiwa bado unasomeka.

Oili: ya kwanza nilimwaga baada ya saa 5, kisha kila saa 50. SAE 30 inafaa joto letu, kama lita 1.4, ila kijiti cha kupimia ndicho kinachosema kweli. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, vumbi jekundu linaziba chujio la hewa. Sponji ya nje inafuliwa kwa sabuni na kukaushwa, la karatasi linagongwagongwa tu, usilipulizie kwa kompresa. Tairi zina upepo mdogo kuliko watu wanavyodhani: PSI 14 mbele, 10 nyuma. Zikijazwa kama za gari, deki inarukaruka na kuacha mawimbi. Ua wa kayaba ukipogolewa, okota miiba yote kwanza au tia dawa ya kuziba ndani ya tairi.

Kwa wanaonunua iliyotumika, kutoka Uingereza au popote: angalia swichi ya chini ya kiti. Washa visu, kisha inuka kidogo. Injini isipozimika, kuna fundi aliyeunganisha waya, na hilo lirekebishwe kabla hujalipa. Shika deki na utikise kila kisu juu na chini. Kikicheza, beringi zimekwisha. Halafu iendeshe nusu saa nzima mpaka gia ichemke, ndipo uipandishe mlima. Muuzaji akiwa na haraka, panga siku nyingine.