Amplifaya ya elfu themanini, na kijana aliyeniita babu

Duka lile sirudi tena, niseme hilo mwanzo kabisa. Jina silitaji, sitaki maneno na watu, ila lipo njia ya Mwanakwerekwe, hapa Unguja, na wanauza mitumba ya Japani.

Nilitaka muziki wa ndani, wa kukaa nikausikiliza. Zile spika mpya zenye mataa ya kumetameta ninazisikia kila siku kwa jirani: besi inavuma kama jenereta, mwimbaji humsikii anasema nini. Mfukoni nilikuwa na laki mbili tu, na kwa laki mbili bora ununue kikuukuu kilichotengenezwa na watu waliojua kazi. Hapo hanitoi mtu.

Basi nikaiona amplifaya ya kusukumia spika, Sansui ya zamani, nzito mpaka mkono unauma. Wakanipigia nyimbo mbili, sauti safi. Elfu themanini. Nikauliza, "Hii ya umeme gani?" maana Japani wanatumia volti 100 na sisi huku ni 230. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu.

"Babu, umeme ni umeme. Kachomeke tu."

Babu! Mie mjukuu sina, na huyo mwanangu mwenyewe hata posa hajapeleka. Wallahi naamini ni lile neno lililonipanda kichwani nikasahau kuigeuza nikasoma nyuma.

Nilipofika nyumbani nikachomeka. Taa ikawaka, ikanguruma, mara ikaja harufu ya vanishi, kisha moshi. Mke wangu alishakimbilia swichi.

Kesho yake nikairudisha. "Umeiunguza mwenyewe, babu." Ndipo nilipoinama nikaona chini ya meza: sanduku la chuma, transfoma ya kushushia umeme, na vyombo vyote vya dukani vimechomekwa humo! Kumbe alikuwa anajua. Nilipomwonesha akasema hiyo bei yake mbali. Nilisema maneno ambayo mtu aliyetoka kuswali hayasemi.

Fundi wangu wa Mikunguni alipoifungua akaniita nisogee. Pale pa fyuzi hapana fyuzi. Pamezungushwa kijiwaya cha shaba, kimekazwa kwa koleo, ncha zimeota kijani kwa chumvi. Fyuzi ingekuwepo ingekatika yenyewe, transfoma ya ndani ya amplifaya ikapona. Fundi hakusema kitu, alikigusa tu kwa ncha ya bisibisi akanitazama. Nani aliyekitia, dukani au huko ilikotoka, sijui, lakini lawama nimeshampa yule kijana na siziondoi.

Akaisuka transfoma upya, upande wa kuingilia umeme akaufanya wa volti 230. Elfu hamsini. Spika za mbao nilizipata kwa mtu anayehama, elfu sitini, sponji za ukingoni zimemung'unyuka kama mkate uliorowa. Pete mpya za kubandika badala ya sponji, na waya, zikamaliza elfu kumi iliyobaki. Usiku wa kwanza besi hakuna, sauti imepwaya, nikaanza kumlaani kijana upya. Kumbe ni mie: spika moja nimeifunga waya mwekundu kwenye tundu jeusi. Nikageuza.

Jamani. Mwimbaji akaja akasimama katikati ya ukuta, pasipo na spika! Kanuni, kile chombo cha taarab chenye nyuzi nyingi, ikipigwa unasikia kila uzi. Hata Siti binti Saad, sauti iliyotiwa kwenye santuri Bombay mwaka 1928, mikwaruzo kama mvua juu ya bati, nilimsikia akivuta pumzi, au nilidhani nimesikia. Mke wangu aliacha kupeta mchele akaja kukaa. Huyo huyo aliyeniambia nimetupa pesa.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Chombo ni kizuri, sijapata kumiliki kizuri kuliko hicho, na kwa kuwa imesukwa, sasa naichomeka ukutani moja kwa moja, wala sihitaji lile sanduku. Isingeungua ningekuwa nalinunua hilo pia. Lakini simshukuru mtu aliyeniunguzia.

Juzi nilikuwa napita tu, sikwenda kwao. Kijana akanikimbilia, "Shikamoo babu, imekuja deki ya kaseti." Sikuitikia. Nikaigeuza nyuma: volti 100. Nikaifungua kifuniko palepale mbele yake. Fyuzi ipo, ya kioo, nzima.

Nikamuuliza bei.